Rili ya Dhahabu na Kitambaa cha Mama Mkwe

Sitawaficha, kile kilichonipata kule Sio Port mbele ya watu bado kinaniuma, na kila nikishuka kule ziwani lazima atokee mtu wa kuniuliza, huku amejishika mbavu, kama leo nimekuja na ndoano ama nimekuja kwa amani. Kwa hivyo nimeamua niieleze mwenyewe, polepole, kabla hamjaisikia kutoka kwa shemeji zangu, ambao wakianza huwa wanaongeza chumvi (na hii habari nawaambia chumvi inayo ya kutosha).

Wale hamnijui, mimi ni Wandera, naishi Burumba, hapa Busia, na kazi yangu iko Malaba, kwa ofisi ya wakala wa forodha, ambapo kutoka asubuhi hadi jioni nasoma karatasi za mizigo ya watu wengine. Mimi sifungui kontena. Nasoma kilichoandikwa hapa, nalinganisha na kilichoandikwa pale, vikipatana napiga muhuri, lori linaenda. Nimeifanya hiyo kazi miaka kumi na moja, na mtu akikaa muda huo wote kwa kazi ya namna hiyo anaanza kuamini kwamba kilichoandikwa juu ya boksi ndicho kilicho ndani ya boksi. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo shida yangu ilipozaliwa.

Mke wangu Nafula ni msichana wa Usamia, wa ziwani kabisa. Baba yake, Mzee Ojiambo, alivua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, karibu maisha yake yote kwa mashua yake mwenyewe, mpaka mwaka jana magoti yakamkataa, akateleza akipanda, na daktari akamwambia mzee, mashua basi. Ile mashua akapewa mpwa wake. Kutoka siku hiyo mzee alichukua kiti chake akakiweka nyuma ya nyumba, akawa anaangalia mihogo, mgongo ukiwa upande wa ziwa. Hakuwa mgonjwa. Chakula alikula, salamu aliitikia, lakini swali hakuuliza, hadithi hakutoa, na ukimtajia habari ya samaki alikuwa anakutazama kama umemtukania mtu. Nafula akienda kumwona alikuwa anarudi analia, anafika Matayos, nusu ya njia, bado anajipangusa.

Sasa kuna shemeji yangu Egesa, kaka yake Nafula, ambaye anafanya kazi Kilifi na ameoa huko huko. Alipata mtoto wa kiume, akampa jina la babake, Ojiambo, na babake hajawahi kumwona huyo mtoto. Egesa aliomba mzee na mama wafunge safari wakae kwake hata mwezi mmoja. Mzee alijibu mara moja tu: "Niende mpaka pwani nikakae kwa kiti kingine?" Maneno yakaishia hapo.

Ni Egesa aliyekuja na wazo. Alinipigia simu siku moja nikiwa kazini, akaniita shemeji kwa lugha ya kwao: "Mulamwa, huku sisi tunavua tukiwa tumesimama kwa mchanga. Unarusha, uzi unaenda mbali kwa bahari, unangoja. Hata kwa kiti mtu anavua. Mzee hahitaji mashua, anahitaji kuona hiyo kitu na macho yake." Akanitumia fimbo yake ya zamani ya kuvulia kwa basi, ndefu, ya vipande viwili, na kazi yangu ikawa ni moja tu, kutafuta rili, ile mashine ya kukunja uzi, ya kufunga kwa hiyo fimbo, kwa sababu hapa Busia kila kitu duniani lazima kipite. Alitaka ile aina ambayo kikombe cha uzi hakizunguki unaporusha: unafungua waya iliyopinda, uzi unajitoa wenyewe kwa mdomo wa kikombe, pete kwa pete, halafu ukimaliza unarudisha waya, unazungusha hendeli, uzi unarudi. Alisisitiza iwe ya bahari, inayovumilia chumvi, na iwe ya mtu wa nchi kavu.

Nafula alimfikishia mzee hiyo habari, na mzee akatoa sharti. "Nikiona mtu amesimama kwa mchanga akatupa mbali kupita pale ningefika nikipiga kasia mara ishirini, nitaenda. Nisipoona, hiyo maneno ya pwani mtu asiniletee tena." Mnaona basi uzito wa jambo? Mzee kumwona mjukuu wake, na labda kuondoka kwa ile mihogo, vyote viliwekwa kwa rili ambayo mimi, mtu wa karatasi, ndiye nilitumwa kuichagua.

Na nilianza vizuri, mnipe hata hiyo. Nilienda kwa Nalongo, mama wa kutoka upande wa Uganda ambaye huvuka na kutandaza turubai lake karibu na soko la Busia, anauza mitumba ya vitu vya michezo, viatu vya mpira, raketi, glavu za ndondi zisizo na jozi. Marehemu mume wake alikuwa anapeleka wageni kuvua mbuta huko kwao, kwa hivyo rili anazijua mpaka ndani. Akaniangalia, akaniita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, unataka ya nini?"

"Ya bahari, mama. Ya kuvua ukiwa nchi kavu."

"Pale atasimama ni mchanga ama mawe?"

Sikuwa na hakika. "Mchanga," nikasema.

"Fimbo ni futi ngapi?"

Sikuwa nimeipima. "Ni ndefu," nikasema.

"Na wewe umewahi kurusha?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hapana, nifundishe. Mimi nikacheka kile kicheko cha watu wa ofisi, nikamwambia, "Mama, mimi nimeoa Usamia." (Kana kwamba uvuvi hupewa mtu siku anapopeleka ng'ombe wa mahari.)

Nalongo hakubishana. Alitoa rili moja nyeusi, saizi ya kati, imekwaruzwa kila mahali, akaniambia niishike. "Mwenye kuvua ni mzee? Basi kubwa sana itamuua mkono. Ifunge kwa fimbo, fimbo ikae juu ya kidole bila kuanguka mbele wala nyuma, hiyo ndiyo saizi yake. Zungusha polepole, usikie kama kuna changarawe inalia ndani. Vuta uzi, breki iachilie pole pole, isishike halafu iruke. Na hii, angalia." Akafungua ile waya, akaitikisa rili kwa nguvu mara tatu kama mtu anarusha, waya ikabaki wazi. "Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kama waya inajifunga yenyewe ukirusha, banange, ile risasi nzito ya mwisho wa uzi itarudi kukutafuta. Na uzi usijaze mpaka kwa mdomo wa kikombe. Acha nafasi kidogo. Ukijaza inamwagika yote."

Nilisikia kila neno. Kisha nikaiangalia ile rili na mikwaruzo yake, nikajiona nikimpelekea baba mkwe kitu cha mtumba, nikaona haya. Nikamwambia nitarudi. Yeye akasema, "Nitakuwekea," na mimi moyoni nikasema usijisumbue.

Kesho yake Malaba, kwa duka moja karibu na pale malori hupanga foleni, nikaiona. Ilikuwa ndani ya boksi, boksi ndani ya nailoni, na kwa dirisha la boksi inang'aa dhahabu tupu kama jino la mtu tajiri. Boksi liliandikwa beringi kumi na tatu. Liliandikwa elfu kumi, kwa herufi kubwa (elfu kumi ya nini, sikuuliza, lakini ilinipendeza). Kulikuwa na picha ya mwanamume amekumbatia samaki mkubwa kumliko yeye. Nililisoma hilo boksi pande zote sita, kila kitu kikapatana na kila kitu, na kama ningekuwa na muhuri hapo ningeupiga. Sikuifunga kwa fimbo nione inakaaje, na waya sikuitikisa, kwa sababu utatikisaje kitu ambacho bado kiko kwa nailoni? Nikalipa nikaondoka nikipiga mluzi.

Jioni nyumbani tulijaza uzi, Nafula ameshika kigurudumu cha uzi kwa penseli, mimi nazungusha hendeli. Niliujaza mpaka ukafura juu ya mdomo wa kikombe. Nafula, ambaye huniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Baba Mercy, si imejaa?" Nikamwambia mzee anataka umbali, na umbali ni uzi. Akaendelea kushika penseli, macho kwa kikombe. Nilipoifunga rili kwa fimbo, sehemu ya nyuma ilikuwa nzito mpaka fimbo ikawa inataka kuchungulia mbinguni, nami nikasema huo ndio uzito wa kitu cha maana.

Kabla sijafika ziwani lazima niwaeleze jambo moja, hasa nyinyi vijana mnaowakumbatia wakwe zenu kwa picha. Kwa nyumba ya Mzee Ojiambo ukwe bado ni ukwe. Mimi na mama mkwe hatusalimiani kwa mkono. Hatukai benchi moja, hatuangaliani machoni, na tukikutana njiani mmoja anaingia kwa nyasi. Miaka minane ya ndoa, hatujawahi kuongea hata kwa simu. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Nafula, Nafula ananiambia, hata kama tuko boma moja. Na si kwamba tunachukiana, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kuona kichwa chake kikiwa wazi, hilo hata kwa ndoto ningetubu.

Basi siku ikafika, Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimeomba tuwe watu wachache, mimi na mzee na Nafula, lakini Nafula alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, na Sio Port ukimwambia mtu mmoja umetangaza. Tulipofika ufuoni walikuwapo wavuvi wanaokunja nyavu, wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, na akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe vya kichwa vyenye ukingo wa buluu, wakiongozwa na mwenyekiti wao, ambaye ni mama mkwe. Yeye alifanya adabu yake kama kawaida, akakaa nyuma yangu kama hatua kumi, juu ya kreti ya samaki iliyogeuzwa, amenipa mgongo. Nami adabu yangu ilikuwa kutoangalia upande ule hata kidogo. (Mnaona jinsi mambo yanavyojipanga.)

Mzee alikaa kwa kiti chake cha plastiki, fimbo yake ya kutembelea katikati ya magoti, akasema neno moja tu: "Haya."

Kitu kingine ambacho nilifanya, na hiki siwezi kumsingizia mwenye duka, nilifunga ndoano. Risasi peke yake ingetosha kuonyesha umbali. Lakini nilitaka ionekane kamili, kama ya kwa boksi, nikafunga na ndoano kubwa ya baharini.

Nikarusha mara ya kwanza. Uzi ukatoka wote kwa pamoja, fungu zima kama tambi zimemwagika kwa sufuria, na risasi ikaanguka karibu, pale ambapo bata walikuwa wanaogelea. Bata hawakushtuka hata. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Mzee alibaki akiangalia maji. Nikainama, nikaanza kufungua mafundo, nikafungua nusu, nusu ingine nikaisokomeza tu ndani ya kikombe na kidole gumba, kisha nikakaza breki mpaka mwisho nikidhani ndiyo inazuia uzi kumwagika. (Breki haina uhusiano wowote na hilo jambo. Sasa najua.)

Mara ya pili nikaweka nguvu zote. Nilikuwa nimemwona mzee anaanza kugeuza macho, yale macho ya kurudi kwa mihogo, na kusema kweli nikamwona Nafula analia tena njia yote ya Matayos. Nikavuta ile fimbo nyuma, nikaipiga mbele kama mtu anapasua kuni, na kwa vile nilikuwa sijui nikaachilia mapema, risasi ikapanda juu moja kwa moja, na ikiwa huko juu nikasikia kwa mkono wangu, tap! Ile waya ilikuwa imejifunga yenyewe.

Nikangoja kusikia risasi ikianguka majini. Jua la saa kumi lilikuwa linanipiga machoni, sioni chochote. Kimya. Sasa mtu mwingine angeshuku, lakini mimi niliwaza kwamba imeenda mbali sana mpaka haisikiki. Nikazungusha hendeli, nikahisi uzito. Uzito wa kweli, unaovuta na kuachilia. Nikapiga kelele, Mungu anisamehe, nikapiga kelele mbele ya kanisa zima: "Imeshika! Mzee, imeshika!"

Nikazungusha tena. Nyuma yangu akina mama wakalia kwa sauti moja, "Uuwi!"

Nikageuka. Uzi ulikuwa umepita juu ya bega langu ukaenda nyuma, na mwisho wake, ndoano ilikuwa imekamata kitambaa cha mama mkwe, katikati ya fundo, na yeye ameinuka kutoka kwa kreti amekishika na mikono yote miwili ili kisitoke kichwani, na tunaangaliana macho kwa macho kwa mara ya kwanza katika miaka minane.

Mtu mwingine wa kabila lolote angekimbia kwenda kumfungua. Mimi damu yangu ilifanya vile ilivyofundishwa, nikainamisha macho nikarudi nyuma hatua tatu kwa heshima. Uzi ukakaza. Mama mkwe akavutwa hatua tatu kunifuata. Nilipomwona ananijia nikarudi tena, kwa sababu mama mkwe akikujia unampisha, na yeye akavutwa tena. Kukiachilia kitambaa hakuweza, angebaki kichwa wazi mbele ya mkwe. Mimi kumkaribia sikuweza. Uzi kutoka haukuweza, maana breki niliikaza mwenyewe na fundo nililosokomeza lilikuwa limeuma kikombe chote. Tukaenda hivyo, mimi kinyumenyume, yeye ananifuata ameinama na mikono kichwani, mpaka nikahisi viatu vyangu vya kanisa vinajaa maji.

Mtaniuliza kwa nini sikuitupa ile fimbo. Nimejiuliza sana. Nafikiri mtu akishikwa na aibu vidole vinakaza vyenyewe. Na tena fimbo ilikuwa ya shemeji.

Nafula alikuwa amefika kwa mama yake anahangaika na ile ndoano, lakini ndoano ya baharini ina jino la nyuma, haitoki kwa kitambaa kirahisi, na kila nikirudi nyuma inazama zaidi. "Baba Mercy, simama! Si usimame tu!" Mvuvi mmoja alikuwa amelala kwa nyavu zake anagaagaa kwa kicheko. Mama mmoja wa kanisa, sitamtaja, akasema kwa sauti ya maombi, "Huyu ndiye anavua watu kweli." Mimi maji yalikuwa yamefika kiunoni, na moyoni nilikuwa naomba tu yaendelee kupanda.

Ndipo nikasikia, "Wewe! Simama hapo!"

Ni mzee. Alikuwa ameinuka. Fimbo ya kutembelea aliiacha pale kwa kiti, akaja polepole, mguu mmoja, mwingine, akapita kando ya mke wake, akaingia majini na suruali yake ya Jumapili mpaka kwa magoti, yale yale magoti. Akatoa kisu kidogo cha nyavu mfukoni mwa koti (mwaka mzima hajagusa wavu, na kisu bado anatembea nacho), akashika uzi katikati yangu na mama, akaukata. Mama mkwe akanigeuzia mgongo, kitambaa kichwani, ndoano kwa kitambaa, akaondoka, na wale akina mama wakamfuata kwa mstari.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walikuwa wanamwangalia mzee amesimama ndani ya ziwa.

"Mkwe, lete hiyo takataka," akasema. Nikampa. Akafungua waya, akatikisa rili mara moja, tap, ikajifunga. Akatikisa tena, tap. Akaniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anataka kuuliza kitu, kisha akabadilisha nia. "Pwani siendi." Akaifungua rili ya dhahabu kutoka kwa fimbo, akatoka majini nayo chini ya kwapa, akaenda nyumbani, nasi tukabaki na kiti chake cha plastiki.

Wiki hiyo sijui nilivyoishi. Nafula alibaki kwao kutuliza mambo, akaniambia nitume kitambaa kipya na kuku kupitia kwake, nami mwenyewe nisikanyage lile boma mpaka niitwe. Nilituma. Malaba nilikaa na karatasi zangu, na siku moja nikamwambia dereva afungue kontena nione kilichomo, akaniuliza kama naumwa. Kilichoniuma hakikuwa vicheko. Nilikuwa nimepewa kitu kimoja cha kumfanyia yule mzee, na nikakiharibu kwa ajili ya kupenda kung'aa.

Jumatano Nafula akapiga simu, sauti yake ya ajabu kidogo. "Baba ameifungua hiyo rili yako. Yote. Vipande viko kwa sinia, hata chai hanywi. Anasema ndani ni plastiki. Anataka kujua uliangalia nini wakati wa kununua."

Swali, jameni. Mzee alikuwa ameuliza swali.

"Mwambie ukweli," nikasema. "Mwambie niliangalia boksi."

Nikamsikia akisema hivyo, halafu nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni kikohozi. Ilikuwa ni mzee anacheka. Alicheka mpaka akakohoa kweli, na Nafula kwa simu alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi kwa ofisi nikageukia ukuta ili mwenzangu asinione. Kisha sauti ya mzee kutoka mbali: "Mwambie kama iko ingine, atume. Atume! Asilete yeye!"

Nilishuka Busia siku hiyo hiyo. Nalongo alinyanyua pembe ya turubai kabla sijafungua mdomo, ile rili nyeusi iko pale pale. "Nilijua utarudi, ssebo. Wale wote wananiambia wameoa Usamia, wanarudi." Nikamweleza kila kitu, akalia kwa kicheko mpaka akakalia raketi zake, na alipomaliza akanijazia uzi yeye mwenyewe, akaacha nafasi kwa mdomo wa kikombe, upana wa njiti ya kiberiti. Safari hii niliitikisa. Niliitikisa mpaka akaniambia basi, ssebo, utaiharibu.

Nikaituma kwa Nafula, na ile siku mzee aliijaribu sikuwapo, na ndiyo sababu ilifaulu. Nafula anasema alikaa kwa kiti chake ufuoni, risasi peke yake bila ndoano, mara ya kwanza akaharibu, mara ya pili akaharibu, mara ya tatu uzi ukatoka ukilia kama nzi, ukapita bata, ukapita mashua zilizofungwa, na mzee akahesabu kasia kwa kinywa mpaka ishirini na mbili. Akarudisha uzi wote. Akauliza, "Basi la Mombasa linatoka saa ngapi?"

Wako Kilifi sasa, walienda kukaa mwezi mmoja, na huu ni wa pili. Egesa alinitumia picha: mzee kwa kiti, uso kwa bahari, rili nyeusi mkononi, na Ojiambo mdogo amekaa mchangani ameegemea goti lake, goti lile lile. Nyuma yao, mbali kabisa, karibu na miti, nikaona kitu cheupe. Ni mama mkwe na kitambaa nilichomtumia, amekaa mahali ambapo ndoano ya mtu yeyote haiwezi kufika. Nikaapa hapo hapo, na naapa tena mbele yenu, kwamba sitarusha kitu chochote, hata jiwe, mama mkwe akiwa anaonekana kwa macho, na sitanunua tena kitu ambacho sijakitikisa.

Lakini juzi simu ya Nafula ililia akiwa jikoni, nikaipokea kwa mazoea bila kuangalia ni nani. Kukawa kimya. Nikajua ni yeye, naye akajua ni mimi, na hakuna aliyethubutu kukata. Kisha mama mkwe akasema, polepole, kama mtu anayeongea na ukuta, "Mwambieni Wandera huku ufuo ni mrefu. Mwezi wa kumi na mbili aje. Yeye atasimama mwisho ule, mimi nitakaa mwisho huu."